Kioo cha Kushoto cha Stefania

Kila asubuhi, kabla hajapiga mswaki, Stefania hutoka uani na kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye sare za shule. Huinama kwenye kioo cha pembeni cha gari lake, upande wa dereva, akakipumulia haaa mpaka kikapata ukungu, kisha akakifuta. Huzunguka kwa mbele akipapasa taa mojamoja, kama mtu anayehakikisha kuku wote wamo bandani, akafika upande wa pili. Kioo cha kushoto nacho hukipumulia. Haaa. Hukifuta. Akiridhika kwamba gari limeamka na kila kitu lilicholala nacho, ndipo huingia ndani kutafuta mswaki.

Debora, mtoto wa kaka yake, alizoea kuamshwa na hiyo haaa. Alikuwa amemaliza chuo kikuu akaja Mitwero kukaa kwa shangazi yake huku akisubiri ajira, na dirisha la chumba chake lilitazamana na gari. Hakuwa msemaji. Shangazi akiwa chini ya gari, Debora alishika tochi mkono mmoja na kitabu mkono wa pili, na wote wawili waliridhika hivyo.

Gari lenyewe lilikuwa Altezza ya bluu iliyokoza, ya zamani, yenye klachi na gia za mkono, na dashibodi yenye saa ndogo ndani ya saa kubwa kama saa ya mkononi ya mtu mwenye majivuno. Stefania aliinunua kwa fedha ya cherehani kutoka kwa mhandisi wa barabara aliyehamishwa. Watu walisema mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mshona sare za shule, ana kazi gani na gari la masharobaro. Yeye alijaza buti sketi na mashati, akalitoa barabara ya Kilwa mpaka Kiranjeranje, na walimu wakuu wa huko waliijua sauti yake kabla halijakata kona.

Mwanzoni alilipeleka gereji kama watu wengine. Siku moja likarudi linakohoa. Alipofungua boneti, alikuta plagi zake alizotoka kuzinunua zimeondolewa, na mahali pake zimewekwa kuukuu, nyeusi tii. Fundi hata hakuona haya. "Niliziazima mama, kuna mteja alikuwa safarini." Kuazima! Stefania alizidai palepale, akasimama mpaka zikarudi, na tangu siku hiyo hakuna fundi aliyegusa boneti lake. Alijifunza kumwaga oili mwenyewe, akalala juu ya magunia kubadili brekipedi, na waya zilizochakaa akazifunga kwa mkono uliozoea uzi na sindano. Akikosea, alifungua upya. Mara moja alifunga brekipedi upande usio wake, gari likalia kutwa nzima kama mbuzi, naye akalaani hadi jua likazama, akazifungua tena.

Kilichomshinda ni spea. Spea za gari la namna ile Lindi hazipatikani ovyo, na mtu wa spea kuukuu karibu na stendi alikuwa Boniface. Alipokwenda kwake mara ya kwanza, Boniface alimtazama, akatazama nyuma yake kana kwamba kuna mtu mwingine anakuja.

"Mama, ungemwambia mzee aje mwenyewe. Hizi spea zina majina yake."

"Mzee gani?"

"Mwenye gari."

"Mzee ni mimi. Nipe brekipedi."

Tangu hapo kila alipokwenda, Boniface alikuwa na neno lilelile la kumalizia, analisema kwa sauti ya huruma: "Ukichoka nalo mama, niletee mimi. Nitalikata, injini yake ina wenyewe Dar."

Kulikata! Siku alipolisikia neno hilo mara ya kwanza, Stefania alirudi nyumbani akiwa amenuna mpaka chakula kikapoa.

Halafu kioo cha kushoto kikaibwa. Aliliacha gari nje ya shule mjini akaingia kupima watoto viuno, alipotoka akakuta nyaya zinaning'inia mlangoni kama utumbo wa samaki. Mlinzi wa shule alisema hakuona kitu. Mwuza maandazi alisema, "Pole dada, ndiyo magari." Ndiyo magari! Kila mtu alimpa pole kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua.

Jioni Erasmo, baba yake Debora, akapiga simu kutoka Masasi. Stefania aliiweka sauti ya juu kwa sababu alikuwa anakata kitambaa.

"Dada, liuze. Watu wanakucheka. Leo kioo, kesho taa, keshokutwa matairi. Mpe huyo Boniface, uchukue pikipiki ya miguu mitatu ubebee sare zako."

"Nitanunua kioo kingine."

"Na hicho kikiondoka?"

Mkasi ulisimama. Debora aliinua macho kwenye kitabu.

"Hicho kikiondoka," shangazi akasema polepole, "nitaliuza. Umeridhika? Sasa niache nikate."

Hakuwa mtu wa kusema asichomaanisha, na wote watatu walijua hivyo.

Kesho yake Boniface alimpokea kwa tabasamu. "Una bahati mama. Kimeingia jana kutoka Dar, tena rangi yako." Kweli kilikuwa cha bluu. Stefania alikinunua bila maneno mengi, akabandua kile kiplastiki cha pembetatu ndani ya mlango, akatafuta spana namba kumi kila mahali mpaka Debora akaiona imekaliwa na paka, akakaza nati, akachomeka soketi ya waya. Alibonyeza kitufe. Kioo kikainama na kuinuka kama mtu anayeitikia salamu. Stefania akacheka peke yake.

Asubuhi iliyofuata Debora alisikia haaa ya kwanza, akasikia nyayo zikizunguka, akasikia haaa ya pili. Kisha kimya. Hakusikia kitambaa.

"Debora! Njoo huku, usivae hata viatu."

Kwenye ukungu wa pumzi kulikuwa na herufi na tarakimu, hafifu, kama maandishi ya kidole kwenye dirisha la basi. Zikaanza kufifia. Stefania akapumua tena, zikarudi.

Wenye magari wengi huchonga namba za gari kwenye vioo na taa, mwizi akose pa kuviuza. Kioo hiki kilikuwa kimesuguliwa mpaka namba ikapotea machoni, lakini pumzi iliikumbuka. Na namba yenyewe Stefania aliijua. Ukiacha lake, Altezza iliyokuwa ikitembea Lindi mjini ilikuwa moja tu, nyeupe, ya Nikodemu fundi majokofu, yenye ekzosi inayoamsha watoto.

"Kutoka Dar!" alisema Stefania. "Kutoka Dar!" Alikwaruza ganda la kioo kwa ukucha. Chini ya bluu kulikuwa na nyeupe.

Debora alidhani shangazi angefuta kioo na kuingia ndani. Nani angejua? Yeye mwenyewe, akiulizwa, pengine angefuta. Mawazo yake yalikwenda kwa baba yake, kwenye ile ahadi, na kwa Boniface akilikata gari kwa msumeno. Kioo kile kikirudi kwa mwenyewe, kitakuwa kimeondoka, na neno lilikuwa neno.

Stefania alisimama amekishika kile kitambaa. Kisha akaingia ndani, akapiga mswaki kwa hasira mpaka povu likamruka, akatoka na funguo.

"Panda. Kuna mtu amelala bila kioo kama nilivyolala mimi."

Nikodemu alikuwa nje kwake akiosha gari, kijana mrefu mwenye adabu. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Kioo chako cha kushoto kiko wapi?"

"Hiki hapa."

Kweli kilikuwepo. Debora, aliyekuwa amejibanza kwenye kiti cha mbele, alishusha dirisha.

Stefania akauliza, "Hiki ndicho ulichonunua na gari?"

"Hapana mama, kile kiliibwa kama mwezi hivi. Nimekaa bila kioo mpaka jana, Boniface akanipatia hiki. Kutoka Dar."

Stefania alipiga magoti kwenye tope la sabuni na gauni lake la kazini, akapitisha kidole chini ya ganda la kioo, mahali ambapo hakuna mnunuzi anayechungulia. Kidole kilisimama. Vioo vyake yeye hakuvichonga namba kwa juu, kwa sababu cha juu husuguliwa. Alikuwa amepasha moto sindano ya cherehani akaandika jina lake kwa chini, kwenye plastiki, kama anavyoandika majina ya watoto ndani ya kola.

"Debora, soma hapa."

Debora alishuka, akainama. Aliona S, aliona T, aliona herufi zote. Kichwa kilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa alihisi uso umemwaka. Boniface na wezi wake walikuwa wamechukua kioo cha Nikodemu. Wakachukua cha shangazi. Wakapaka kimoja bluu, kingine nyeupe, wakavibadilisha, wakawalipisha wote wawili.

Nikodemu naye alisoma, akatazama gari la bluu, akatazama lake, akaangua kicheko. Hakucheka kwa ubaya. Ni kile kicheko cha mtu aliyeanguka mbele za watu.

"Basi mama, ngoma droo. Mimi nina kioo, wewe una kioo. Yaishe."

"Yaishe?" Stefania aliinuka, magoti yanachuruzika. "Imeisha kwa nani? Kwa Boniface imeisha. Kwake ilikwisha jana! Wewe umetoa fedha yako kununua kioo changu, mimi nimetoa yangu kununua chako, na tumemwambia asante. Asante, Nikodemu! Mimi nilimwambia asante! Halafu unanisimamia hapa unasema droo. Ingia kwenye gari lako."

"Mama, tutamfanya nini? Polisi watataka—"

"Polisi nitakwenda kwa miguu yangu. Sasa hivi nataka kioo changu, na nitakifungua mbele ya Boniface. Ingia!"

Nikodemu akaingia, sabuni haijakauka juu ya paa.

Magari mawili yaliegeshwa mbele ya duka la Boniface, pua kwa pua, yakaziba mlango. Boniface alitoka na kikombe cha chai. Aliona la bluu, aliona jeupe, kikombe kikashuka kidogo.

"Karibuni, karibuni. Kuna tatizo?"

"Hakuna," alisema Stefania. "Fundi yuko kazini." Akafungua mlango wa abiria, akabandua kiplastiki, akatoa spana.

"Mama, mimi nanunua kwa watu. Kioo hakina cheti cha kuzaliwa. Utajuaje kimetoka wapi?"

"Wewe ulijua. Ulisema Dar."

Watu walianza kusogea. Mwenye bajaji akamwambia, "Punguza hasira mama, presha itapanda," na mwanamke wa mihogo akasema, "Dada, si umekipata? Shukuru Mungu." Debora aliyashika maneno yale kifuani kama makaa. Mwizi hakuambiwa na mtu hata mmoja apunguze kitu.

Stefania alikitoa kioo, akakiinua juu kidogo kama mtu anayeonyesha samaki, akakipumulia. Haaa. Namba ikatokea.

"Nikodemu, hii ya nani?"

"Yangu," alisema Nikodemu. Safari hii hakucheka. Akachukua spana kwa Stefania akaanza kufungua upande wake.

Kisha dereva wa teksi, mtu mzima aliyekuwa amesimama nyuma tu, akapenya katikati ya magari akaingia dukani. Alichukua kioo kimoja rafuni, akakigeuza, akakipumulia. Akachukua kingine. Mwenye bajaji, yuleyule wa presha, naye akaingia. Mara duka zima likawa haaa, haaa, kama wagonjwa wa pumu.

"Jamani, kama hununui usishike!" Boniface alipiga kelele. "Jamani!"

"Hii taa ni ya nani?" sauti ikauliza kutoka ndani. "Boniface, hii taa ni ya nani?"

Boniface alimgeukia Stefania, jasho linamtoka, na kwa mara ya kwanza hakumtafuta mtu mwingine nyuma yake. "Mama, ondoa magari, tutazungumza. Au niuzie tu hilo gari, nikupe bei yoyote, sote tupumzike. Nani anataka taabu hii?"

Stefania alikaza nati ya mwisho, akachomeka soketi, akabonyeza kitufe. Kioo chake, cheupe kama kidonda kwenye ubavu wa bluu, kikainama na kuinuka.

"Sasa twende polisi," alimwambia Nikodemu. Huko walieleza, wakaonyesha vioo vyote viwili, wakaambiwa duka litafuatiliwa.

Walirudi Mitwero jua limekwenda upande. Stefania alianza kukwangua rangi nyeupe kwa kisu cha mezani na mafuta ya taa. Simu ililia juu ya boneti, jina la Erasmo likawaka, ikalia mpaka ikanyamaza, ikaanza tena.

Debora alikuwa ameshika chupa ya mafuta ya taa. Kutwa nzima hakuwa amesema maneno kumi. Aliwaza juu ya baba yake, ahadi ya kuliuza gari kioo cha kununua kikiondoka, nacho kimeondoka, sindano ya moto, na wezi ambao huenda kesho wangerudi kukichukua kilekile. Hakuuliza ili kumshauri. Alitaka kujua tu.

"Shangazi, kwa nini usiliuze?"

Stefania alipuliza vumbi la rangi, akapitisha kitambaa.

"Kwa sababu ni langu," alisema.