Dumu la Mahari

Shangazi yangu haamini kitu kirahisi. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani kwanza. Siku ya mahari yangu, hapo nyumbani kwetu Kimara, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kukagua vitu, nami nikajua kuna shughuli.

Ugeni wa mchumba wangu ulitoka Makete, kule milimani kwenye baridi. Walikuja na dumu la asali, limejaa zaidi ya nusu kidogo, kifuniko kimezibwa kwa nta. Ubavu wake mmoja ulikuwa umebonyea ndani.

“Hili limefunguliwa njiani,” shangazi akasema. “Asali wameinywa, wametia wanachokijua wao. Halipokelewi, na mahari tunaahirisha.”

“Shikamoo mama, hakuna aliyeligusa,” mchumba wangu alijitetea. “Nimelifunga mwenyewe kwa mikono yangu.”

Bibi harusi hukaa chumbani mpaka aitwe. Mimi nilitoka bila kuitwa. Nafundisha fizikia sekondari, na nilikuwa nataka kuolewa; hasira ilinipanda mara mbili.

“Shangazi, hewa ya milimani ni nyepesi, na ndiyo waliyoifungia humu. Huku chini hewa ya nje ina nguvu zaidi, inalikandamiza dumu, basi ile ya ndani inajibana. Joto la Dar linajaribu kuitanua lakini haliwezi. Lingefunguliwa huku chini, lisingebonyea hivi. Fungua uone, ubavu utarudi.”

Akabandua nta kwa kisu, akalegeza kifuniko. Fyuu! Ubavu ukachomoka kwa kishindo, mama wadogo wakaruka kutoka kwenye kochi.

“Kimeingia nini humo?”

“Hewa, shangazi.”

“Ya nani?”

“Ya hapahapa Kimara.”

Wageni wakapiga makofi. Nilijiona mwanamke msomi kweli kweli, kichwa juu.

Shangazi akaagiza kijiko. Amekulia Tabora, kwa warina asali. Akalamba, akalamba tena.

“Ya hewa nimekuelewa, mwanangu,” akasema taratibu. “Nimekubali, njiani halikufunguliwa. Limekuja kama lilivyofungwa, na aliyelifunga amejitaja mwenyewe.” Akanipa kijiko. “Haya, onja.”

Nikaonja. Ilikuwa sukari iliyochemshwa.

Nikamgeukia mchumba wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake.