Msusi wa Mwembesongo na kitambaa cha baridi

Saa mbili asubuhi, katika ua wa nyumba ya kupanga Mwembesongo, mjini Morogoro, Zuleha Hashimu anachambua rasta. Ameketi kwenye kiti cha plastiki, mgongo wima, kichwa amekiegemeza kwenye mto uliobanwa ukutani. Anazivuta nyuzi kidogo kidogo mpaka ncha zinachongoka vizuri, kisha anazipanga mapajani kwa mafungu. Fungu likidondoka haliokoti. Linakaa hapo chini mpaka apite mtu amsaidie.

Bandeji inaanzia utosini, inalizunguka sikio la kushoto na kuishia chini ya kidevu. Shavu la upande huo limeumuka kama andazi. Jicho linaonekana kwa shida.

"Kazi niliyobakiwa nayo ndiyo hii," anasema. Maneno yanamtoka kwa upande mmoja wa mdomo, polepole, na akimaliza sentensi anapangusa mate kwa ncha ya kanga.

Zuleha ni msusi. Ana miaka thelathini na minane, na nusu ya umri huo ameimaliza akiwa amesimama nyuma ya vichwa vya wanawake wenzake. Twende kilimanjaro, mabutu, rasta ndogondogo za kumtoa mtu machozi, zote anazijua. Saluni anachangia na shoga yake, Asia. Ni chumba kimoja chenye mabenchi mawili na kioo kikubwa, na kwa miaka mingi kioo hicho ndicho kilichokuwa raha ya kazi yake. Mteja akimaliza kusukwa, wote wawili walikuwa wanatazama kiooni na kucheka.

Miaka minne iliyopita aliota uvimbe chini ya sikio. Ukatolewa, akapona, lakini mshipa unaoamrisha uso ukaharibika. Upande wa kushoto ukaporomoka wote: shavu, jicho, pembe ya mdomo. Hapo ndipo alipojifunza jinsi watu walivyo.

Wengine walisema amepigwa na upepo mbaya. Wengine walisema amerogwa, wakamtaja na aliyemroga. Mume akatafuta kisingizio, akaondoka zake Ngerengere, akaoa huko. Lakini kilichomkata maini hasa ni mteja wake wa siku zote, mjamzito, aliyenyanyuka kwenye benchi nywele zikiwa zimesukwa nusu. Alimwambia Asia kwa sauti ya chini, ila si chini kiasi cha kutosikika, kwamba hawezi kumtazama Zuleha kiooni, asije mtoto akachukua sura ile.

"Alipoondoka nilikigeuza kioo kikatazama ukuta," anasema Zuleha. "Mpaka leo kimegeuka."

Ndiyo maana mwaka huu, aliposikia kuwa kuna madaktari wa Dar es Salaam wanaoinua nyuso zilizoanguka, hakungoja kuambiwa mara mbili. Upasuaji wenyewe ni uleule ambao wenye nafasi zao hufanyiwa ili wasionekane wazee: ngozi huchanwa kandokando ya sikio, nyama za ndani zikavutwa juu, zikashonewa mahali pake. Yeye hakutaka ujana. Alitaka mdomo unaoweza kufumba.

Na ulifumba. Siku alipoondolewa bandeji ya kwanza, muuguzi alimpa kioo cha mkononi, naye akaona pembe mbili za mdomo zikiwa sawasawa. Anasema alilia mpaka akaambiwa anyamaze, maana kulia nako kunavimbisha.

Akarudi nyumbani na masharti yake. Alale kwa mito miwili. Asiiname. Asibebe kitu kichwani. Ale uji na vitu laini. Shavuni aweke kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya baridi. Na maji ya moto asiyaguse usoni kabisa.

Siku ya pili yake akafika Mama mkubwa.

Mwanvita, dada wa marehemu mama yake, aliteremka kutoka Kinole, kijiji cha milimani, na kikapu cha ndizi na mdalasini, kuja kumwuguza. Kwa Zuleha huyo si shangazi wala jirani, ni mama. Kila alipojifungua, Mama mkubwa ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto, kutoka kiunoni hadi nyayoni, mpaka akasimama imara. Mikono yake inasifika milimani. Wazazi wengi wa Kinole wamepita mikononi humo.

Sasa mwenye mikono hiyo anaingia chumbani, anamkuta mwanawe aliyechanwa kisu, ana bakuli la maji ya baridi kando ya kitanda. Aliona kama anatazama mtu akijiua. Alilibeba bakuli, akaenda kulimwaga kwenye shina la mgomba uani.

"Mtu mwenye kidonda hapewi baridi, mwanangu," alimwambia. "Baridi ikiingia kwenye nyama haitoki."

Akabandika sufuria, akachemsha majani ya mpera na chumvi. Kitambaa kilipofuka mvuke akakikamua na kuanza kazi, akisukuma shavu juu kwa kiganja kama alivyozoea kusukuma tumbo la mzazi. Alifanya hivyo jioni ile, na asubuhi yake tena.

Usiku uliofuata shavu lilijaa damu. Kufikia alfajiri lilikuwa jeusi na gumu, na Zuleha hakuweza kuufumbua mdomo hata kunywa maji. Asia alikodi gari, wakamkimbiza hospitali mjini humo humo, kidonda kikafunguliwa upya, damu iliyovilia ikatolewa. Jicho lilinusurika. Lakini nyuzi za ndani zilizoushikilia mdomo zilikuwa zimeachia, na pembe ya kushoto ikashuka tena, ingawa si chini kama zamani.

Daktari alisema haparekebishiki kwa sasa. Labda mwakani, nyama zikishaungana. Labda isiwezekane tena. Kisha akauliza, kwa hasira ambayo mtu hawezi kumlaumu, ni nani aliyemwekea mgonjwa maji ya moto.

Zuleha alikuwa amelala hapo, macho yanaona, masikio yanasikia. Hakusema kitu. Mama mkubwa akanyoosha mkono kama mtoto darasani, akasema ni yeye. Akasemwa mbele ya wauguzi na wagonjwa wengine, mwanamke wa umri ule, naye amekunja mikono juu ya kanga yake.

Tangu siku hiyo hajamgusa Zuleha. Anampikia uji, anausogeza karibu, anatazama pembeni. Kitambaa cha baridi, ambacho daktari ameagiza kirudishwe kwa siku chache hizi, anakuja kukiweka Asia kabla ya kufungua saluni. Leo asubuhi Mama mkubwa amefunga mzigo wake. Kikapu kiko mlangoni. Anangoja gari la Kinole.

Hapo ndipo Zuleha anapoacha kuchambua rasta. Kuna jambo alilokwisha kumweleza Asia mapema asubuhi hii, kwa kunong'ona, Mama mkubwa akiwa anaoga.

"Masharti mengine yote nilimwambia," alisema. "La maji ya moto nililimeza. Ningemwambiaje kwamba mikono iliyonisimamisha mimi sasa haifai? Niliona ni utovu wa adabu. Nikajipa moyo kuwa pengine haitadhuru."

Sasa anamwita. Mama mkubwa anakuja na kusimama mbele yake, macho chini.

"Mama mkubwa, nesi alinikataza maji ya moto. Alinikataza kabla hujafika. Mimi ndiye sikukuambia."

Jirani anayefua anajifanya kutafuta sabuni.

"Hata pale daktari aliponiuliza, ulijua?" anauliza Mama mkubwa.

"Nilijua."

"Ukaniacha."

"Nilikuacha."

Mama mkubwa anaelekea mlangoni kilipo kikapu, na mtu yeyote aliyekuwapo angeapa kwamba anaondoka. Ana hasira, na ni hasira ya haki. Lakini anakipita kikapu. Anaingia ndani, na akitoka ana bakuli la maji ya mtungini mkononi.

Anatumbukiza kitambaa. Anaurudisha mkono haraka, baridi imemshitua, kisha anauzamisha tena. Anakikamua. Kwa mara ya kwanza tangu hospitalini anautazama uso wa Zuleha, wote, na pembe ile ya mdomo iliyoshuka.

"Nielekeze," anasema. "Nisikande?"

"Usikande. Weka tu."

Anaweka. Mkono unataka kusukuma, vidole vinajikunja, anavizuia. Zuleha amefumba jicho linalofumba. Anasema daktari akimruhusu atarudi saluni kwa uso huuhuu, na asubuhi ya kwanza atakigeuza kioo kitazame watu. Asiyetaka kumwona ataondoka. Kichwa cha kwanza anataka kiwe cha Mama mkubwa.

"Mimi nina mvi tupu, utasuka nini," anasema Mama mkubwa.

"Nitasuka hizohizo. Na utanitazama kiooni."

Barabarani gari la Kinole linapiga honi. Mama mkubwa hageuki. Kitambaa kimeanza kupata joto la shavu, naye anakirudisha kwenye maji ya baridi.