Mfunga turubai wa bandari ya Kamembe

Huyo mzee anayefunga turubai juu ya magunia ya mchele botini ana mikono minene, na kila fundo analivuta, anaondoka, anarudi kulivuta tena. "Papa, unafunga mucele ao unafunga mwizi?" Maman Gaudiose, abiria wa kila juma, humchokoza. Hacheki. Wakati wa vita, kwenye meli ya jeshi, aliacha pembe moja ya turubai wazi. Helikopta ilipokuwa ikitua melini, upepo wake ukalirusha turubai hadi kwenye mapanga yake yanayozunguka, helikopta ikaanguka juu ya askari tisa. Leo mlio uleule wa helikopta unatoka upande wa Bukavu. Mzee anajitupa kifudifudi juu ya turubai, anapaza sauti: "Maman, toa kitenge mabegani! Kitaruka! Ukikalie!" Helikopta imeshapita zamani; Gaudiose bado amekikalia, hathubutu kuinuka.