Mtamba wa Mama na Skrini ya Pili

Nilipokuwa mdogo nilikuwa hodari wa kupokea ujumbe na hafifu sana wa kuufikisha. Mama alikuwa akinituma kwa jirani, ng'ambo ya shamba letu la chai, nikaombe chumvi na kuuliza kama gari la kubeba majani limeonekana. Nilipofika kwa jirani nilikuwa nimebaki na salamu tu. Jirani ananitazama, nami namtazama, mwishowe ananipa ndizi na kuniambia nirudi nyumbani. Mama alikuwa akisema kichwa changu kinavuja. Mtu huyohuyo ndiye aliyekua, akasoma, kisha akaamua kula jasho lake kwa kutengeneza app za simu, kazi ambayo nusu yake ni kutoa ujumbe skrini moja na kuufikisha skrini nyingine bila kuumwaga njiani.

Kwa asiyejua, skrini za app hazifahamiani hata kidogo. Unaandika jambo kwenye ya kwanza, unabonyeza, ya pili inafunguka ikiwa haijui wewe ni nani wala unataka nini. Ya kwanza lazima iikabidhi kitu mkononi. Ikikabidhiwa kidogo, itajua kidogo. Nilieleza hayo mara nyingi katika mikahawa ya Nairobi, nikiwa nimekunja miguu, na watu walitikisa vichwa kwa heshima.

Niliporudi nyumbani nilikodi chumba mjini Bomet, juu ya duka la dawa za mifugo, nikaweka meza na kiti kinachozunguka. Kiti hicho kilikuwa fahari yangu. Kutoka dirishani niliona wakulima wakiingia dukani chini na kuuliza daktari wa ng'ombe yuko wapi, na daktari mwenyewe, Mkisii mmoja mpole ambaye familia yake ilihamia huku zamani, akiwa kwenye pikipiki upande wa Chebunyo, simu haishiki. Ng'ombe akipata joto la kutaka dume, hangojei daktari aje kumpandikiza mbegu. Siku ikipita, unakaa wiki tatu ukingoja tena. Nikasema hapa ndipo mimi nitaokoa watu.

Nikatengeneza app. Mkulima anaandika jina lake na kijiji chake, anaeleza ng'ombe alivyo, anachagua dume la mbegu analotaka. Daktari kwenye simu yake anaona majina ya waliomwita na vijiji vyao. Akigusa jina, skrini ya pili inafunguka na kumwonyesha mbegu iliyochaguliwa. Rahisi kama kumenya ndizi.

Swali lilikuwa moja: skrini ya kwanza iikabidhi nini ya pili? Kila fundi mwenye akili zake timamu angeipa nambari. Kila mkulima anapewa nambari yake peke yake, na nambari hiyo ndiyo inayosafiri. Mimi nilikataa. Nilijiambia nambari ni za wafungwa na magari. Watu wetu wanajuana kwa majina, na app yangu itawajua kwa majina. Nilijisikia mzalendo. Nakumbuka hata nilizungusha kiti.

Sasa ngoja nikueleze majina ya kwetu, ili ucheke vizuri. Sisi Wakipsigis humpa mtoto jina kwa saa au hali aliyozaliwa nayo. Aliyezaliwa alfajiri ana jina lake, aliyezaliwa mbuzi wakirudi zizini ana lake, aliyezaliwa mvua ikinyesha ana lake. Mimi nilizaliwa mvua ikinyesha, na huku kwenye chai mvua hunyesha karibu kila alasiri. Darasa la kwanza mwalimu alipoita jina langu, nusu ya dawati letu ilisimama. Alitutofautisha kwa kutuita wa mtoni, wa dukani, na mimi wa kuvuja, kwa sababu mama alikuwa amemsimulia. Mtu aliyepitia hayo yote kwa miaka minane ndiye aliyeketi juu ya kiti kinachozunguka akaamua kwamba jina linatosha.

Nilipoijaribu app nilitumia majina ya watu niliofanya nao kazi Nairobi, kila mmoja na kabila lake. Ilifanya kazi bila kukosea.

Mmoja wa wateja wangu wa kwanza hapa nyumbani alikuwa mama. Wakati huo alikuwa na mtamba mmoja, ng'ombe mchanga ambaye hajazaa, mwembamba, wa rangi ya hudhurungi na macho makubwa. Ng'ombe wake mzee alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na tangu hapo nyumba yetu ilikuwa inakunywa strungi. Kuishi katikati ya chai halafu umpe mgeni chai isiyo na maziwa ni aibu ambayo mama hakuizoea. Vibuyu vyake vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, vilikuwa vimening'inia ukutani vikavu. Alikuwa akivipangusa kila Jumamosi kama kwamba vina kitu ndani. Matumaini yake yote alikuwa ameyaweka kwa mtamba yule.

Mtamba mdogo hupewa mbegu ya dume dogo, ili ndama asimshinde kutoka. Mama alijua hivyo tangu ujana wake. Asubuhi mtamba alipopata joto, alichagua Jersey, akabonyeza mwenyewe, akanipigia simu kuniambia amebonyeza. Nilimpongeza.

Asubuhi hiyohiyo, mama mwingine wa upande wa Chebunyo, aliyezaliwa alfajiri kama mama yangu na kwa hiyo mwenye jina lilelile, alikuwa amemwita daktari kwa ajili ya ng'ombe wake mkubwa aliyezaa mara nyingi. Yeye alichagua Friesian, dume kubwa. Daktari aliona majina yote mawili, akagusa lile lenye kijiji chetu, kwa kuwa alikuwa karibu. Skrini ya kwanza ikaikabidhi ya pili jina. Ya pili ikatafuta mtu wa jina hilo, ikampata yule wa Chebunyo kwanza, ikatosheka. Nilikuwa nimeirithisha tabia yangu: ilifika kwa jirani na salamu tu.

Kwenye simu yangu kulitokea neno moja la kijani, "Imekamilika". Nikateremka barabarani nikanunua soda.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Mama alinipa strungi, akaketi, akasema kwa utulivu, "Nilishangaa kidogo ulivyonibadilishia dume."

"Dume gani?"

"Si huyo Friesian. Daktari aliuliza mara mbili. Alisema, 'Mama, hii ng'ombe ni kidogo, una hakika?' Mimi nikamwambia, simu ya mtoto wangu imesema hii, wewe weka hii."

Chai ilinipalia. Nilikohoa mpaka mama akanipiga mgongoni, na mkono wake mgongoni ulinifanya nijisikie vibaya zaidi. Nilifungua kompyuta palepale juu ya meza ya jikoni. Kosa lilikuwa katika mstari mmoja. Nililirekebisha kabla chai haijapoa: nikaondoa jina, nikatia nambari, nikajaribu kwa majina mawili yanayofanana, kila kitu kikaenda sawa. Kisha nikainua macho nikamwona mtamba mlangoni akitafuna majani ya mahindi. Kwake yeye hakukuwa na kitufe cha kurudi nyuma.

Tulingoja miezi tisa. Nilikuwa nikija kila mwisho wa wiki kutazama tumbo, na kila nikija lilikuwa limeongezeka. Daktari alisema mimba ikikaribia mwisho tusimpe chakula kingi, ndama asinenepe ndani. Basi mimi, mwenye shahada, nikawa askari wa kuzuia ng'ombe asile. Aliniona adui. Jirani yule wa ndizi, ambaye sasa ni bibi kizee, alipita akauliza kama hii ndiyo kazi niliyosomea. Nilimwambia ndiyo, kwa sehemu.

Usingizi ulinipotea. Nilimwogopea yule ng'ombe kuliko nilivyowahi kujiogopea mwenyewe.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, mawingu yameshuka mpaka kwenye chai. Miguu ya mbele ya ndama ilitoka, minene kama mchi, kisha mambo yakasimama. Daktari alifika na kamba. Tulivuta, yeye mbele, mimi nyuma yake, mama ameshika kichwa cha mtamba na kumnong'oneza kwa Kipsigis mambo ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuambiwa. Mvua ikaanza. Niliteleza, nikaanguka kwenye matope, nikaamka nikashika tena. Ndama alipotoka alitoka kwa ghafla, jike, mweusi na mweupe, mkubwa mno, akiwa hai.

Lakini mama yake hakuinuka. Alilala ubavu, shingo imenyooka. Daktari alisema mshipa wa mguu huenda umebanwa, tumpe muda. Tulimfunika kwa magunia. Tukakaa pale mvuani, mimi nikimsugua ndama kwa nyasi kavu, na hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia.

"Mama, wewe ulijua kwamba ni mdogo. Kwa nini hukukataa?"

Hakunitazama. "Daktari alikuwa amesimama hapo mbele yangu. Ningesemaje kwamba kazi ya mtoto wangu ni mbaya, na mtu anasikia?"

Alikuwa amemweka rehani ng'ombe wake wa pekee, na maziwa yake, na vibuyu vyake, ili mimi nisiaibike mbele ya mtu mmoja mwenye pikipiki. Nililia, na nilishukuru kwamba kulikuwa na mvua.

Ilipopungua, mtamba alijikokota, akapiga magoti, akaanguka. Akajaribu tena. Safari ya pili alisimama, miguu inatetemeka, akageuka kumlamba mtoto wake. Mama alipiga makofi mara moja tu, akaingia jikoni na kutoka na kibuyu.

Ng'ombe wetu huitwa kwa rangi zao. Huyu ndama mama hakumwita kwa rangi. Alisema amezaliwa mvua ikinyesha, na jina lake linajulikana. Nililalamika kwamba hilo ni langu. Akasema si umeweka nambari sasa, mtatofautishwa.

Siku hizi, mama akiita kutoka jikoni, tunainua vichwa wote wawili. Mimi ndiye ninayeitika. Ndama ndiye anayefika kwanza, na hajawahi kusahau alichoitiwa.