Baba Kwenye Fomu ya Moyo

Usiku ule nililala chini, pembeni ya kitanda cha kaka Musa, nimemshika mguu ili akitikisika nijue. Mchana nilimpeleka zahanati, kifua kinambana kila akipanda kilima. Daktari akatoa fomu ya kuhesabu alama: umri, sigara, presha, sukari, ukoo. Alama zikiwa nyingi, huenda mishipa ya moyo imeziba sana, unapelekwa hospitali ya mkoa haraka. Kaka hana pumzi ya kuongea, najibu mimi. Huyu ndiye aliyenilea. Mimi nina mdomo, na haya mambo nimejisomea kwenye simu.

"Baba yenu alikufa na nini?"

"Alirogwa," nikasema. "Na jirani yetu wa shamba."

"Hakuwa na ugonjwa wa moyo?"

"Dokta, ukoo wetu hauna ugonjwa wa moyo! Andika hivyo!" Nikagonga meza.

Akaandika. Alama zikatoka chache. Tukapewa vidonge vya gesi, tukaambiwa turudi Jumatatu.

Basi usingizi ukanichukua. Nipo zahanati tena, kwenye benchi la foleni, na baba kakaa pembeni yangu. Baba ambaye tulimzika nikiwa darasa la tano. Kavaa shati lake la kazi, limelowa mgongoni.

"Umefuata nini huku, baba?"

"Nimekuja kuulizwa mwenyewe."

Nageuka nimcheke. Benchi si benchi tena, ni tuta la mihogo, jua kali, na baba analima. Anasimama. Anashika taya. Anashika bega la kushoto, anaupapasa mkono mpaka vidoleni. Anapiga magoti taratibu, kama mtu anayetafuta kitu kilichomdondoka. Ng'ambo ya mpaka mzee Kombo, jirani yetu, anatupa jembe, anakuja mbio, anampakata huku analia. Mzee Kombo yuleyule niliyemvunjia madirisha kwa mawe.

"Baba, si ndiye aliyekuroga?"

"Ndiye aliyenibeba."

"Sasa mbona mama anasema..."

"Mama yako alitaka mtu wa kumchukia. Wewe ukataka kumzidi."

Nataka kufoka, nilivyozoea, baba ananipita. Daktari kachuchumaa katikati ya mihogo, fomu iko gotini, kalamu inangoja. Baba anaweka kidole juu ya karatasi, kidole kina udongo.

"Niandikeni hapa. Nilikufa kwa moyo, mvi sijaota. Mkinificha mimi, mnamzika Musa."

Nikashtuka. Mguu wa kaka umelowa jasho mkononi mwangu, wa baridi. Mama yuko macho, anampepea kwa upande wa khanga.

"Mama, baba aliwahi kulalamika taya?"

Akaacha kupepea. "Nani kakwambia?"

"Mama, alilalamika?"

"Siku tatu. Na mkono. Tukadhani jino, mwanangu, tukampa karafuu atafune." Akajiziba mdomo. "Sasa miaka yote hii, Kombo wa watu..."

"Kombo tutamwomba radhi, nitaenda kwa magoti. Sasa hivi vaa viatu."

Kaka akafumbua macho. "Dogo," akanong'ona, "mkono huu siusikii."

Nikampakia mgongoni, mtu mzito kuliko mimi, sijui nguvu nilizitoa wapi. "Twende kwa dokta, mama! Ya taya, ya mkono, yote. Safari hii unayasema wewe, na mimi nitanyamaza."