Siku Niliyogoma Kumeza Mate

Msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu hii nimeibeba miaka mingi, na shahidi wake ni mama mkwe wangu, ambaye hata leo tukikutana njiani hufunika mdomo kwa mtandio asionekane anacheka.

Nilikuwa mpishi melini, na mwanzoni mwa miaka ya sabini daktari mmoja wa Italia alinipandikiza jino, si lile la kuvaa na kuvua, hili la skrubu iliyozamishwa ndani ya mfupa wa taya, nikarudi nalo Bagamoyo nikawa nacheka hata pasipo na cha kuchekesha (watu wa mtaa wetu wanajua). Muda si muda Zuhura mke wangu akaanza: mume wangu, ufizi umevimba, kinywa kinanuka, kapige picha ya eksirei. Mwaka mzima. Siku moja nikachoka, nikamjibu, "Kama hutaki harufu, nenda kwenu." Mjinga mimi. Akafunga nguo zake, akaenda kwao Mbegani.

Wiki mbili nikajipikia mwenyewe (mpishi mzima, chakula hakina ladha), mwisho nikamfuata mama yake kuomba radhi. Akaniambia, "Simtoi mwanangu kwa maneno ya barazani. Nitakwenda nawe Dar nikaione hiyo picha kwa macho yangu, kisha unitamkie, kwa kinywa chako hichohicho, kwamba hutamfukuza tena." Nikakubali. Siku tuliyopangiwa hospitali ikaangukia Ramadhani, na mimi nimefunga.

Basi. Mpiga picha, kijana wa bara asiye na muda wa kupoteza, akanitia mdomoni kipande cha filamu kilichofungwa karatasi, akaniambia nikishikilie kwa kidole nisitikisike. Mate yakaanza kujaa, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, nikajiambia mate haya yamechanganyika na ladha ya karatasi, nikiyameza saumu imekwenda. Nisimeze. Picha ya kwanza ikaharibika kwa sababu nilikuwa natetemeka. "Meza mate, bwana!" Nikatikisa kichwa. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu ikakubali, kijana akanitoa nje nikasubiri, na mimi mashavu yamefura, natafuta bomba, dirisha, chochote kile, kumbe ukumbi wote mabenchi yamejaa watu, na mbele yao kasimama mama mkwe na buibui lake jipya.

"Wamesemaje, baba?"

"Mmmh."

"Athumani, nakuuliza."

"Mmmh!" Nikamwonesha mdomo kwa kidole.

Bibi mmoja pale kwenye benchi akasema, "Masikini, kapooza ulimi," na mzee aliyekaa pembeni yake akaanza kunisomea Yasini (naapa!), mama mkwe akanishika mabega machozi yanamtoka, "Mwanangu! Na Zuhura hana habari! Tamka shahada, baba, tamka!" Sasa jamani, shahada, nani ataambiwa aitamke akatae? Nikafungua mdomo.

Yote yalimwishia kifuani.

Hata Yasini ikakatika. Mama mkwe akalitazama buibui, akanitazama mimi. "Ndiyo nini hii?"

"Mate, mama. Nimefunga."

Akakaa chini akacheka, akacheka tena, mpaka bibi wa benchi akamshika asianguke, na mimi nimesimama nimeshika ukuta, natamani ningekuwa melini, hata kwenye dhoruba.

Daktari akatuita. Akaielekeza picha kwenye mwanga wa dirisha, akatuonesha skrubu, nyeupe, na weusi ulioizunguka: pale penye weusi ndipo mfupa ulipoliwa, jino limebaki kushikwa na nyama tu. "Ungekuja mwaka jana," akasema, "picha ingetuonesha mfupa ndiyo kwanza unaanza kupungua, pengine tungeliokoa." Mwaka jana! Mama mkwe akaanza kuhesabu miezi kwa vidole, na ningeona heri anitukane. Jino likang'olewa palepale. Nilipotoka na pamba mdomoni, yeye mwenyewe akaniletea bilauri ya maji. "Fungua saumu, utailipa siku nyingine. Mungu hana ugomvi na mgonjwa." Nikanywa, nikamtamkia yale maneno aliyoyataka, na mate yakawa yananiruka tena kwenye pengo, akajisogeza kando kidogo.

Tulifika Mbegani watu wanafuturu. Njia nzima nilikuwa najiandaa kwa kila neno ambalo Zuhura angenirushia, na nilijua nalistahili. Akatoka, akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye taa, akalitazama lile pengo.

"Panauma?"

Basi tu. Nikalia mbele ya wakwe. Na ukweli ni kwamba hapakuuma, toka skrubu ile itoke nilikuwa nimepata raha ambayo sikuwa nayo mwaka mzima, lakini nikasema, "Panauma sana," akanikalisha karibu yake akanipozea uji kwa kijiko, na kesho yake tukarudi nyumbani, na uji ukaendelea siku nne nzima. Nimeapa, akiniambia nenda kwa daktari, nakwenda siku hiyohiyo. Ila hili la uji nitakufa nalo, na atakayemwambia Zuhura si rafiki yangu.