Kuni za Kilio

Kabla sijawa misionere nilidhani nitasikia sauti ya Mungu asubuhi na jioni. Sauti niliyoisikia asubuhi na jioni ilikuwa ya mwenzangu, kijana wa Kinshasa, akipiga mswaki, akiimba, akikoroma, akiniuliza kama nimeona soksi zake. Kanisa letu, lile watu wanaloliita la Wamormoni, hutuma vijana wawili wawili, na sheria ni kwamba humwachi mwenzako hata kidogo. Mnaamka pamoja, mnafunga tai pamoja, mnakula pamoja, mnapiga magoti pamoja. Kipindi chote kile sikupata kuwa peke yangu, labda chooni tu, na maishani mwangu sijawahi kuwa mpweke namna ile. Ukimwambia mtu atakucheka. Mpweke wa nini, na uko na mtu saa zote? Basi na acheke.

Mimi ni mtoto wa Lubumbashi. Waliniweka kwanza Butembo, commune ya Mususa, kwenye baridi na ukungu wa asubuhi, ambako wenye maduka walicheka Kiswahili changu cha Katanga mpaka nikawa nasalimu kwa kichwa tu. Kisha wakanihamishia Beni, commune ya Beu. Huko kulikuwa na joto, na watu hawakucheka sana. Waasi walikuwa porini, ng'ambo ya mashamba ya kakao. Mtu alikwenda shambani asubuhi, na hukumuuliza atarudi saa ngapi, maana lilikuwa swali baya. Tukisikia risasi upande wa pori tulifunga mlango, tukakaa na vitabu vyetu, na mwenzangu aliacha kuimba.

Lundi, yaani Jumatatu, ilikuwa siku yetu ya kufua na ya kupigia simu nyumbani. Siku nyingine, hapana. Mama yangu alijua hivyo: lundi mchana anaweka simu mezani mbele yake, haendi hata kwa jirani. Nilimwambia niko muzima, ninakula, Beni ni kubwa, mambo ya pori yako mbali. Tulikuwa na simu moja kwa wawili, na ilikaa mfukoni mwa mwenzangu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mtu wa sheria. Kuanzia mardi, kesho yake, nilianza tena kuingoja lundi.

Yule mama tulimkuta kwenye robine ya maji. Alikuwa mjane, rozari shingoni, na bidon yake ya maji ilikuwa nzito kumshinda. Tulipomkaribia na mashati yetu meupe alituangalia toka viatu mpaka tai.

"Miye ni mukatolika," alisema, "na nitakufa mukatolika. Mais kama munataka kubeba bidon, mubebe."

Tukabeba. Tukawa tunabeba kila tulipopita. Polepole majirani walitueleza habari zake. Alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana wa rika letu. Siku moja kijana huyo alikwenda kuvuna kakao, na siku ileile waasi wakaingia katika mashamba yale. Waliokufa waliletwa mjini, wakalazwa, kila familia ikamtambua mtu wake. Yeye hakuwa kati yao. Hakuonekana tena, si mzima, si maiti. Tulipomfahamu mama huyu, mvua za msimu mmoja zilikuwa zimekwisha kupita.

Mwenzangu alikuwa na moto wa Injili, namna vijana wanavyokuwa nao. Siku ya kwanza tulipoingia uani kwake alifungua kitabu, akaanza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza somo letu juu ya wafu, au bafu kama wasemavyo huko: kwamba kaburi si mwisho, kwamba familia zitakutana tena. Mama aliinua mkono kama anafukuza inzi.

"Somo ya bafu mupelekee benye kuwa na bafu. Miye sina mufu."

Akaenda kuangalia maharagi yake jikoni. Mwenzangu akafunga kitabu. Masikio yalikuwa yamemwiva, na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Uani, karibu na mlango, palilala magogo makubwa. Kila mtu wa mtaa ule aliyapita bila kuyagusa. Sisi tuliona kuni, na tuliona mjane asiye na mtu wa kumpasulia. Tulikuwa tumefundishwa hivi: ukiona kazi, usingoje kuombwa, vua tai ufanye. Jumamosi moja, mama akiwa sokoni, tulikuta shoka limeegemezwa ukutani. Tukavua tai, tukazitundika kwenye kamba ya nguo.

Yo, mti ule ulikuwa mgumu! Mwenzangu, aliyekulia kwenye makala, makaa ya Kinshasa, nusura apasue kiatu chake. Viganja vilitutoka malengelenge. Lakini nasema kweli, nilifurahi asubuhi ile kuliko siku zote za Beni. Kwa muda mzima sikumkumbuka mama yangu wala Mungu wala lundi. Tulipasua magogo yote, yote kabisa, tukayapanga vipande vipande kando ya jiko, safi, yakafika kifuani. Kisha tukasimama tukitazama kazi yetu, tukingoja kushukuriwa.

Aliyeingia wa kwanza alikuwa shemeji wa mama, baba mudogo wa yule kijana aliyepotea. Aliweka mikono kichwani.

"Eh Mungu! Nani alibaambia mupasue hizi miti?"

Tukamwambia hakuna, tumesaidia tu.

"Musaidie nini? Hii haiko kuni ya kupikia! Hii ni miti ya kilio!"

Ndipo tukafundishwa, kwa makelele na watu wakichungulia juu ya ua. Kwao mtu akifa, ukoo wa baba huleta magogo mazito, moto unawashwa uani, watu wanakaa kuuzunguka, na moto hauzimiki mpaka kilio kiondolewe. Gogo lazima liwe nene ili liungue polepole. Shemeji na ndugu zake waliyaleta magogo yale tangu wiki zile za kwanza, wamlilie mtoto wao kama watu. Mama akakataa wasiwashe. Alisema hakuna moto utakaowashwa kwake kwa mtu ambaye hakuna aliyemwona amekufa. Basi magogo yakalala pale, ukoo ukinuna na mama akinuna, mpaka walipokuja wajinga wawili wenye mashati meupe.

Nilitamani ardhi inimeze. Mwenzangu alirudia "pardon, papa, pardon" mpaka neno likachoka. Wakati huohuo mama akaingia na beseni kichwani. Akatazama mahali palipokuwa na magogo. Akatazama kando ya jiko. Akatazama tai zetu kwenye kamba. Akashusha beseni, akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika mbavu, na majirani waliokuwa wakichungulia wakacheka naye kwa woga.

"Shemeji, unaona? Kuni ya kilio imekuwa ya maharagi."

"Na kilio je? Mpaka lini? Mutoto ya kaka yangu atabaki bila kuliliwa, kama mbuzi?"

Kicheko kikamwisha. Aliweka kiganja juu ya lile rundo.

"Nitapikia hizi," alisema. "Zikiisha na hajarudi, nitakaa chini."

Kukaa chini ni kukaa kwenye mkeka wa msiba. Shemeji alisikia, majirani walisikia, na sisi tulisikia. Basi toka siku ile nilipopita pale sikumtazama mama usoni kwanza, nilitazama rundo. Na rundo lilishuka. Lilikuwa kifuani, likawa kiunoni. Alipika kidogo, alikula viazi vya jana, alizima kila kijinga ili akitumie tena kesho, na bado lilishuka.

Mimi ndimi niliyeanza kuliongeza. Mwenye nyumba yetu alikuwa Mwislamu mfanyabiashara, tuliyemwita papa Hadji, ambaye malori yake yalikwenda Kasindi mpakani, kwa barabara waliyoivizia waasi, na mengine yalileta mbao za mikaratusi kutoka Butembo. Uani kwake vilijaa vipande vya mbao zilizokatwa. Nilimwomba. Akauliza ni vya nini, maana sisi tulipikia makala. Nilimweleza yote, nikingoja anicheke. Hakucheka. Alisema, "Chukueni. Na mimi nina mutoto kwenye ile barabara ya Kasindi." Kisha akaenda kutawadha.

Basi ikawa tukibeba bidon ya maji tunabeba na mfuko, na mmoja akimsemesha mama, mwingine anapenyeza vipande katikati ya rundo. Mwenzangu wa sheria hakusema lolote juu ya uongo. Rundo likasimama magotini, halishuki tena. Nilipopiga magoti kando ya kitanda nilimwambia Mungu: mimi ninaleta kuni, wewe mlete mtoto. Kila siku nilisema hivyo. Sikusikia kitu. Nilijifundisha kuwaambia watu milangoni kwamba Mungu hujibu, kisha narudi nyumbani, nasema, nasikiliza, na nasikia mwenzangu akikoroma. Hakuna upweke kama huo, wa kuongea na ukuta ambao wewe mwenyewe unauhubiri.

Siku moja mama alitukuta mfuko ukiwa bado mkononi mwangu.

"Mukae," alisema.

Tukakaa kwenye vigoda. Alichukua kipande kutoka kwenye rundo, akakinusa, akanipa.

"Hii ni mukaratusi. Inaungua mbio, inatoa harufu ya dawa ya kifua. Miti ya shemeji ilikuwa ya pori. Munafikiri miye, mwenye kupika toka utoto, sijui kuni yangu? Ile ya pori ilikwishaka zamani."

Mwenzangu akaangalia viatu vyake. Mimi nilikinusa kile kipande.

"Sina kasirani," alisema. "Niliona mufuko siku ya kwanza. Nikasema, wacha, hata bale batoto ba bengine banataka arudi. Nilipikia uongo yenu na nilikula. Mais sasa moyo imechoka, bana. Nikisikia pikipiki ninasimama. Mbwa ikilia ninasimama. Mutoto yangu pia amechoka kule aliko, anangoja nimulilie. Basi. Musilete tena."

Nililia mbele yake, mimi niliyetumwa kufariji watu. Yeye hakulia. Alininyang'anya mfuko, akaukunja vizuri, akanirudishia.

Gogo jipya lililetwa na lori la papa Hadji, mti wa pori hasa, mnene, na yeye mwenyewe alikuja na kofia yake, akakaa kati ya Wakatoliki. Ilikuwa vendredi, Ijumaa mchana. Shemeji alikuja na ndugu zake. Mkeka ukatandikwa, na mama akakaa chini. Wanawake wakaangusha kilio mpaka mtaa mzima ukajua. Moto ulipotakiwa kuwashwa, mama alinyoosha kidole kwangu.

"Ule ndiye alipasua ya kwanza. Awashe."

Shemeji akanipa kiberiti. Nilipiga magoti na suruali yangu ya misionere, nikawasha vijiti vya chini. Vilikuwa vya mikaratusi, vile vyetu vilivyobaki, na vilishika mara moja. Nilipoinuka mama alimwambia mwenzangu:

"Ile somo yenu. Sasa unaweza kuisema. Nina mufu."

Mwenzangu alisahau Kiswahili chote. Alisema somo lake kwa Kilingala na Kifaransa, vikichanganyika, na sidhani hata nusu ya watu walielewa. Mama aliitikia kwa kichwa polepole, akisogeza punje za rozari. Akanigeukia.

"Na weye, mama yako anajua leo uko wapi?"

"Anajua kila lundi, mama."

"Na leo?"

"Leo si lundi, mama."

"Enda umupigie."

Nilimtazama mwenzangu. Alitoa simu mfukoni, akaniwekea mkononi. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu tuwe wawili: akanigeuzia mgongo, akaenda kukaa ng'ambo ya moto, akaniacha peke yangu kando ya ua.

Simu haikuita mara mbili. Nilisikia mama yangu akivuta pumzi, na kabla sijafungua kinywa akapiga yowe. Haikuwa lundi. Simu kutoka Beni siku isiyo lundi, kwake ilikuwa na maana moja tu. "Mutoto yangu! Banamuua mutoto yangu!" Nilimsikia akiita majirani, nikasikia kiti kikianguka.

"Mama, ni miye! Ni miye mwenyewe! Niko muzima!"

Hakunisikia kwa makelele yake. Nikapaza sauti. Uani watu wakageuka wote. Nikaona aibu, nikashusha sauti, maana mbele yangu, kwenye mkeka, alikaa mama ambaye simu yake haikuita.

Yeye akaniangalia juu ya moshi, akanifanyia ishara kwa mkono: sema tena, kwa nguvu.